KULALA MU KIBANDA CHA MLIMANI: MBABULA IBAKI INJE

Mama, leo tunajifunza juu ya usiku mmoja tu: usiku ule unaoupitisha mbali na nyumba yako, mu kibanda cha wasafiri huko mlimani, mahali penye baridi, pamoja na watoto. Labda utasema: "Miye siko mutu ya kupanda mulima. Niko hapa mu Lubumbashi, somo hii haiko yangu." Ngoja kidogo. Jambo linaloua watu mu kibanda cha mlimani njo lile lile linaloua watu mu chumba kidogo cha mjini wakati wa baridi. Ukilifahamu vizuri kule juu, utalifahamu na hapa chini.

Milima mikubwa iliyo karibu nasi ni ile ya Kundelungu. Iko upande wa kaskazini-mashariki wa mji, kati ya mto Lufira na mto Luapula. Juu yake ni tambarare kubwa ya majani, inayofika karibu mita 1,700. Tangu mwaka 1970 sehemu yake ni parki ya taifa. Humo mto Lofoi unaanguka toka juu, zaidi ya mita 300 kwa mara moja, na watu wanatoka hapa mjini kwenda kuyaona maji yale. Lakini si watalii tu wanaolala mlimani. Kuna anayefuata ndugu zake mu kijiji cha mbali, kuna anayetafuta mihogo ya kuuza, kuna kikundi cha sala, kuna vijana wa shule na mwalimu wao. Hakuna hoteli kule. Jua likishuka, unalala mahali unapoweza: kibanda cha miti na majani, nyumba ya udongo isiyo na mwenyewe, ao hema.

Mahali pengine vibanda kama hivi vinajengwa kusudi. Ku mlima Ruwenzori, huko Kivu ya Kaskazini, njia ya kupandia upande wa Kongo ina nyumba ndogo za kulala wasafiri: Kalonge, kisha Mahangu, kisha Kiondo, moja juu ya nyingine. Kalonge iko zaidi ya mita 2,000, Mahangu zaidi ya mita 3,000, na Kiondo zaidi ya mita 4,000; kilele chenyewe cha Ruwenzori kinafika mita 5,109. Ku Kilimanjaro, Tanzania, ziko Mandara, Horombo na Kibo. Kote huko msafiri anafika amechoka, nguo zimeloa jasho ao mvua, na baridi inamngojea mlangoni.

BARIDI YA JUU

Watu wengi wanafikiri ya kuwa kupanda mlima ni kukaribia jua, basi joto litaongezeka. Si hivyo. Kila ukipanda mita 1,000, hewa inapungua joto karibu digrii 6. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, njo sababu mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, tunatetemeka hapa mjini, na kipimo kinashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Sasa ongeza mita 500 za kufika juu ya Kundelungu: ondoa digrii 3 tena. Ongeza na upepo, kwa maana juu ya tambarare hakuna miti mingi ya kuuzuia. Na usiku usio na mawingu ni mbaya kuliko wote, sababu joto la udongo linapanda na kupotea.

Mtoto mchanga anapoteza joto upesi kuliko wewe. Mwili wake ni mdogo, mafuta chini ya ngozi yake ni kidogo, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili. Hajui bado kutetemeka vizuri ili ajipashe moto. Anaweza kukaa kimya, anyonye kidogo, miguu yake iwe baridi, na mama anasema, "Mtoto ametulia." Mtoto wa namna ile hajatulia, anapoa. Mguse tumbo na mgongo, si mikono tu. Kama tumbo ni baridi, kazi ya kumpasha joto inaanza palepale.

Kwa hiyo hatukatazi watu kutafuta joto. Tunawafundisha joto gani la kutafuta.

NENO LA KAMBO

Tuseme ninyi ni watu sita mu kibanda. Mumetembea tangu asubuhi. Upepo unapita mu nyufa za ukuta, na baba amechukua majani na udongo kuziba matundu yote. Amefanya vizuri, anafikiri watoto. Inje kuna mbabula iliyopika bukari. Makala yamekuwa mekundu, moshi umekwisha kabisa. Ndipo kambo anasema: "Leteni mbabula ndani, batoto bapate joto. Moshi haiko tena." Hakuna anayekataa. Mbabula inaingia, mlango unafungwa, joto tamu linajaa, na watu wote wanalala.

Hilo ni neno la upendo, na linaweza kuwaua wote sita.

Makala yanapowaka yanahitaji hewa. Yakipata hewa ya kutosha yanawaka vizuri. Yasipopata ya kutosha, na mu mbabula hayapati kamwe ya kutosha, yanatoa hewa nyingine inayoitwa monoksidi ya kaboni. Sisi tutaiita sumu ya makala. Sumu hii haina moshi, haina rangi, haina harufu, haichomi macho, haileti kikohozi. Moshi wa kuni ni adui anayepiga hodi: unalia, unakohoa, unatoka inje. Sumu ya makala haipigi hodi. Njo maana makala mekundu yasiyo na moshi, yale tunayoyaona kuwa safi, ni ya hatari kuliko kuni mbichi zinazotoa moshi mwingi.

Angalia inavyofanya kazi ndani ya mwili. Damu yako ni kama basi linalobeba abiria. Abiria ni oksijeni, ile hewa nzuri unayovuta. Basi linaichukua ku mapafu na kuipeleka ku ubongo, ku moyo, na ku mtoto aliye tumboni. Sumu ya makala inapanda basi lile lile. Inashika kiti zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haishuki. Kidogo kidogo viti vyote vinajaa sumu. Basi linatembea, moyo unapiga, mtu anapumua, lakini ubongo haupati kitu. Mtu anasikia kichwa kizito, miguu inakosa nguvu, usingizi unamzidi. Akijaribu kusimama ili afungue mlango, magoti yanakataa. Wengi hawajaribu hata kusimama, sababu usingizi umewatangulia.

Mwenye mimba asikilize vizuri hapa. Damu ya mtoto aliye tumboni inashika sumu hii kwa nguvu kuliko damu ya mama, na inachelewa kuiachilia. Mama anaweza kuamka, atoke inje, apate nafuu, aseme amepona, kumbe mtoto tumboni bado anakosa hewa. Mimba inaweza kuharibika, ao mtoto azaliwe na ubongo ulioumia. Basi mama mwenye mimba aliyelala na mbabula, akisikia kichwa na kizunguzungu, aende lupitalo siku ile ile, hata kama sasa anatembea na kucheka.

"LAKINI SISI TUNAFANYA HIVYO SIKU ZOTE"

Haya njo maneno tunayoyasikia ku mapimo ya watoto, na tunayajibu bila kumdharau mtu.

Wengine wanasema: "Tunaweka sufuria ya maji juu ya mbabula, maji yanakula sumu." Maji hayali sumu hii. Yanaongeza mvuke tu mu chumba, na mtu anasikia hewa ni nyepesi, kumbe sumu iko palepale.

Wengine wanasema: "Tunaacha dirisha wazi kidogo." Ufa mdogo hautoshi. Na tuseme ukweli, mama: usiku wa baridi dirisha lile linaanza wazi saa mbili na linafungwa saa tano, mtu mmoja akiamka kwa baridi ao kwa kuogopa wezi. Mu kibanda cha mlimani ni vile vile. Tundu ulilofungua, mwenzako ataliziba akisikia upepo mgongoni.

Wengine wanangoja makala yafunikwe na majivu meupe, wanafikiri yamekufa. Hayajafa. Chini ya majivu yanaendelea kuwaka polepole, na yanatoa sumu masaa mengi.

Na kuna wanaosema: "Kambo alilala na mbabula miaka yote, na alizeeka vizuri." Labda nyumba ya kambo ilikuwa ya majani, na hewa ilipita juu mu paa na chini ya mlango. Nyumba ya leo ni ya matofali na mabati, mlango ni wa chuma, madirisha yana vioo. Hewa haipiti. Hema la plastiki njo baya kuliko vyote. Ni sawa kulala ndani ya mfuko. Na kibanda cha mlimani kilichozibwa matundu yote kimekuwa kama hema.

Lakini shida kubwa haiko ku makala, iko ku adabu. Namna gani mama kijana atamkataza mama mkwe ao kambo mbele ya watu? Usimkataze kwa ukali. Mtangulie. Kabla ya giza, wewe mwenyewe mwagia makala maji hapo inje yazimike kabisa, ao yafukie kwa udongo mbali na kibanda. Kama neno limekwisha kusemwa, jibu hivi: "Kambo, ni kweli batoto banasikia baridi. Lakini ku lupitalo batufundisha ile moto ya makala inaua mu usingizi. Ukuje ulale hapa katikati pamoja na mutoto, utamupatia joto kuliko mbabula." Hujamkatalia, umempa kazi, na tena kazi yenyewe ni ya kweli, kama tutakavyoona sasa hivi.

JOTO LISILOUA

Mwaka 1978, huko Bogotá mu nchi ya Kolombia, waganga wawili, Edgar Rey na Héctor Martínez, walikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati, na mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Wakaanza kuwafunga watoto wale ku kifua cha mama zao, ngozi juu ya ngozi, usiku na mchana. Leo lupitalo nyingi za dunia, za tajiri na za maskini, zinafanya hivyo. Kama kifua cha mama kinaweza kulinda mtoto wa kilo moja na nusu, kitamlinda na wako usiku mmoja mlimani.

Fanya hivi. Mvue mtoto nguo zilizoloa hata kidogo, kwa maana kitambaa chenye maji kinavuta joto la mwili upesi. Mwachie nepi kavu na kofia. Kofia usiisahau kamwe. Mweke ku kifua chako, tumbo lake juu ya ngozi yako, kichwa kimegeukia upande mmoja ili pua iwe wazi. Mfunge na kikwembe kikavu, kisha vaa nguo zako juu yake, kisha blanketi. Uso wake usifunikwe. Ukichoka, baba ao kambo anaweza kumpokea namna ile ile. Ngozi ya baba ina joto sawa na yako, asione haya. Yule anayembeba mtoto usiku asiwe amekunywa pombe, sababu mlevi anaweza kumlalia mtoto bila kujua.

Na juu ya pombe, neno moja kwa wababa, mwambieni ninyi. Lutuku haipashi mwili joto. Inafungua mishipa ya damu chini ya ngozi, mtu anasikia moto usoni, na moto ule unatoka inje ya mwili wake. Baada ya saa moja amepoa kuliko asiyekunywa.

Chini ni muhimu kuliko juu. Wasafiri wengi wanajifunika mablanketi mawili na kulala juu ya udongo mtupu, halafu wanashangaa kutetemeka. Udongo unanyonya joto la mgongo usiku kucha. Kata majani makavu mengi, yafike unene wa mkono ukiyakandamiza, tandika mukeka ao magunia juu yake, ndipo mlale. Kama una mablanketi mawili tu, moja liende chini. Angalia kwanza kama mu majani hamna nyoka ao nge. Yapige na fimbo kabla ya kuyabeba. Lalani karibu karibu, watoto katikati, watu wazima pembeni, miguu ya wote upande mmoja.

Kuleni kabla ya kulala. Bukari na kitu chenye mafuta, karanga kwa mfano, ni kuni za mwili. Mwenye njaa hapati joto hata akijifunika namna gani. Uji wa moto ku watoto. Mtoto anayenyonya anyonye kila akitaka usiku, na usingoje alie.

Ukitaka bado kutumia moto, utumie inje. Kaeni kuuzunguka mpaka wakati wa kulala, kisha ingieni bila moto. Unaweza kuchemsha maji, uyaache yapoe kidogo, uyamimine mu chupa yenye kifuniko kizuri, uizungushe na kitambaa nene na kuiweka miguuni mwa watoto wakubwa. Chupa isiguse ngozi, na ku mtoto mchanga usiiweke. Ngozi yake inaungua upesi na hawezi kuisukuma.

Moto wa kuni ndani ya kibanda cha majani hatuusifu nao. Ni kweli kama kibanda ni wazi pande mbili hewa inapita, lakini cheche moja ku paa kavu mwezi wa saba inatosha. Na mtoto anayejigeuza mu usingizi anaingiza mkono mu makaa. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20, kisha funika na kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta, wala unga. Sehemu nyingine za mwili zibaki na joto.

Chandarua kibebwe. Watu wanadanganyana ya kuwa mlimani hakuna mbu. Kundelungu haifiki urefu wa kumzuia mbu wa malaria, na njia ya kufika kule inapita mu mabonde yenye joto, penye mbu wengi. Fungeni chandarua ku miti ya paa, mkichomeke chini ya majani mliyotandika. Chandarua kinasaidia pia kidogo kuzuia upepo.

NI MALARIA, AO NI MAKALA?

Hapa wengi wanapotea njia, na hata muuguzi anaweza kupotea kama hamkumwambia vizuri. Sumu ya makala inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, mwili kukosa nguvu. Mama anasema: "Ni malaria." Anakunywa dawa ya malaria, anarudi kulala mu chumba kile kile na mbabula ile ile, na usiku wa pili haamki.

Angalieni tofauti. Malaria haishiki watu wote wa nyumba saa moja. Kama jana jioni wote walikuwa wazima, na asubuhi baba, mama na watoto wote wana kichwa na kutapika, fikiri makala kwanza. Malaria inaleta homa, mwili unawaka. Sumu ya makala kwa kawaida haileti homa. Mwenye malaria hapati nafuu kwa kutoka inje tu. Mwenye sumu ya makala, akikaa inje saa moja ao mbili, anaanza kujisikia vizuri, na akirudi ndani kichwa kinaanza tena. Kama kuku ao mbwa aliyelala ndani naye ameanguka, usitafute sababu nyingine. Lakini mtu anaweza kuwa na vyote viwili, malaria na sumu. Kwa hiyo mtoto apimwe damu ya malaria vilevile.

Kuna jambo lingine ambalo hatulipendi kulisema lakini lazima tuliseme. Watu wa nyumba moja wakikutwa wamekufa mu usingizi, bila jeraha, bila damu, mlango umefungwa kwa ndani, majirani wanaanza kuuliza ni nani aliyewaloga. Mara nyingi kidole kinamwelekea mzee, pengine kambo yule ambaye usiku ule hakulala pale, ao mtoto aliyebaki mzima. Kabla ya kumshitaki mtu, ingieni mtazame: je, kuna mbabula ndani? Je, kuna majivu? Mjini tazama pia kama kuna jenereta iliyowashwa ndani ya nyumba ao mlangoni wakati umeme umekatika. Moshi wa jenereta una sumu ile ile. Mbele ya mtoto anayeitwa mchawi na kufukuzwa inje, mbabula ile mu pembe njo shahidi, na mtu aitaje kwa sauti.

UKIWAKUTA WAMEANGUKA

Umeamka usiku, kichwa kinakuuma, unamwita mtoto haitiki. Usikae kufikiri. Ukiweza kusimama, fungua mlango. Usipoweza, tambaa mpaka mlangoni, ao vunja ukuta wa majani kwa miguu. Piga kelele. Toa watu kwanza, mbabula baadaye. Ukianza kuhangaika na mbabula unapoteza nguvu ulizobakiza, na unaweza kuanguka juu ya moto.

Kama wewe ndiye unayetoka inje kuingia kuwaokoa, vuta pumzi kubwa, ingia, fungua ao vunja mahali pa hewa kupita, mvute mtu wa karibu na mlango, toka, pumua, rudi. Usiingie na kukaa ndani kumwamsha mtu kwa maneno. Waokoaji wengine wamekufa hivyo.

Inje, mlaze anayepumua kwa ubavu, ili akitapika matapishi yasimzibe koo. Mfunike na blanketi, kwa maana baridi ile iliyowaogopesha bado iko. Usimpe maziwa, wala mafuta ya mawese, wala maji ya sukari kama hajaamka vizuri. Sumu hii haiko tumboni, iko mu damu. Maziwa hayaifikii, na yanaweza kuingia mu mapafu. Asiyepumua, inua kidevu chake, ziba pua, pulizia kinywani mpaka kifua kinyanyuke. Mtoto mchanga, funika kinywa na pua yake pamoja kwa kinywa chako, na pulizia pumzi ndogo ya mashavu tu. Pulizia mara 2, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, na endelea hivyo, mkipokezana, hata kama unaona bure.

Kisha njia ya kushuka. Usingoje asubuhi kama kuna mtu asiyeamka, anayechanganyikiwa, mwenye degedege, ao mwenye mimba, na kama kuna namna yoyote ya kumbeba bila kuanguka gizani. Mwenye sumu asitembee mwenyewe. Kila hatua inamla oksijeni kidogo aliyobakiwa nayo. Mbebeni ku machela ya miti miwili na blanketi.

KU LUPITALO

Mkifika, neno la kwanza kwa muuguzi liwe hili: "Tulilala na mbabula ndani." Hata kabla ya kutaja jina. Kile chombo kidogo wanachokibana ku kidole kupima oksijeni kinaweza kudanganyika na sumu hii. Kinaona viti vya basi vimejaa, hakijui vimejaa nini, na kinaandika namba nzuri kwa mgonjwa aliye karibu kufa. Kwa hiyo ushahidi wako, mama, unapita chombo.

Dawa yenyewe ni oksijeni. Mu hewa ya kawaida, mwili unachukua karibu masaa 4 ao 5 kuondoa nusu ya sumu. Akivuta oksijeni safi kwa kifuniko cha uso, ni karibu saa moja na nusu. Mwenye mimba anawekewa muda mrefu zaidi, sababu ya mtoto aliye tumboni anayechelewa kuiachilia. Usikasirike ukiona wenzako wamerudishwa nyumbani na wewe umebakizwa kitandani. Na kama dispanseri mliyofika haina oksijeni, msikubali sindano na vitamini tu; ombeni kupelekwa mbele, usiku ule ule.

Mkirudi nyumbani, mtazame kila mmoja kwa wiki kadhaa. Kuna watu wanaopona kabisa mbele ya macho yetu, na baada ya siku chache ao wiki chache wanaanza kusahau njia ya nyumba, kukasirika bila sababu, kutembea vibaya, kujikojolea. Mtoto wa shule anaacha kusoma vizuri, aliyekwisha kujua kusema anapoteza maneno. Watu wanasema ni uvivu, ao ni pepo. Ni ubongo uliokosa hewa usiku ule. Mlete tena ku lupitalo, uje na kadi yake, umwambie muuguzi tarehe ya usiku mliolala na mbabula.